Nilivyoyachezea Matarumbeta Yaliyokuja Kunisuta

Nusu yenu mmenitumia meseji mkisema ningemwambia yule mwanamke siku ya kwanza. Nusu mmesema ningemwacha mumewe afe na siri yake. Mmoja ameniombea mabaya nisifike mwezi mtukufu. Nimezisoma zote. Bado nipo, na hadithi bado ninayo mimi.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita limefungiwa maandazi, namkusanyia vipande.

Mimi ni Mboni. Nauza madera kwa kuyatembeza begani, Kariakoo yote hadi Mchafukoge. Ninaishi na virusi vya Ukimwi, dawa nameza kila siku, na kliniki ninakochukulia wamenipa kazi ya kuwafuata walioacha. Sista Scholastika ananitajia jina, mimi nabeba mzigo wangu naingia mtaani. Muuza madera haulizwi anakwenda kwa nani.

Jina la mwisho nililotajiwa ni Heriel. Mtu wa Kilimanjaro, mwanakwaya, muuza vitambaa vya mapazia kwa jumla. Dawa zake alikuwa akizificha dukani, ndani ya bomba la boksi ambalo kitambaa huzungushiwa. Mkewe Jacqueline alipoacha kazi ya ofisini akaja kusimamia duka, majora yakaanza kupangwa upya kila wiki. Heriel akaona ataumbuka, akaacha kumeza. Mkewe hajui lolote. Mkewe ana mimba.

Nikamwita Magogoni, tukapanda pantoni la Kigamboni tuzungumze mbali na majirani. Mwanamume yule akalia. Nikamshika mkono. Akaniambia, "Nipe hadi Jumatatu. Jumatatu nakuja kliniki na mke wangu, Sista akiwepo namwambia kwa mdomo wangu. Lakini Mboni, asijue mtu." Nikamwapia.

Hapo hapo, mikono imeshikana, simu ya mtu ikatupiga picha.

Majina nimeyageuza, hata biashara nimegeuza. Msijichoshe kuzunguka madukani.

Sasa sikieni Jumamosi yangu.

*

Jumamosi alasiri nilikuwa naletewa posa.

Hafidhi, fundi mafriji wa Mtaa wa Swahili, ananijua nilivyo. Nilimpeleka mwenyewe kwa Sista, akaelezwa kwamba mtu akimeza dawa vizuri, virusi vikafubaa hadi kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzake. Hafidhi akasikiliza yote, kisha akasema, "Basi tuoane kabla ya mvua, paa langu linavuja, nataka mtu wa kulalamika naye." Nduguze hawajui. Tulikubaliana haiwahusu.

Nyumba yetu ni ya kupanga. Vyumba vinatazamana, uwani mmoja, bomba moja, umbea mmoja. Nilialika wote. Mimi shughuli isiyojaza watu naihesabu msiba. Pilau lilikuwa jikoni, majamvi yametandikwa, baba mdogo Uwesu amekuja kutoka Mbagala na kanzu iliyopigwa pasi hadi inakata.

Wazee wa upande wa Hafidhi walikuwa na adabu. Shangazi yake ndiye aliyekuja na ulimi.

"Huyu ndiye mwenyewe?" akaniangalia kuanzia miguuni.

"Ndiye," akajibu baba mdogo.

"Ana visigino vya mtembezi."

"Anauza madera, dada yangu. Kazi ya halali."

"Sijasema haramu. Nasema mwanamke anayeingia kila nyumba, kuna nyumba atakayotulia?"

Jirani yangu Jovitha, ambaye hakuulizwa, akadakia kutoka jikoni. "Mama, hata bodaboda ina mahali inalala."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Akafungua kinywa kuongeza lingine, na hapo ndipo tukayasikia matarumbeta.

Matarumbeta ya mjini mnayajua. Ni yale yale. Vijana wale wale, fulana zile zile, bomba kubwa lile lile lililobonyea ubavuni. Ukiwaita harusini wanapuliza. Ukiwaita kumsuta mtu wanapuliza. Mpaka wimbo uanze ndipo utajua wamekuja kwa heri au kwa shari.

Yakazidi kusogea. Yakaingia kichochoro chetu.

Jovitha akatupa mwiko. "Upande wa bwana wameleta matarumbeta," akasema, akapiga kigelegele, na uwani mzima ukaitikia.

Shangazi akashangaa kidogo. Kisha akajiweka sawa mtandio. "Hafidhi hafanyi mambo kinyonge," akasema. Hakuwa na habari hata moja, lakini sifa ikigonga mlango nani anaifukuza.

Nami nikaamini. Kwa nini nisiamini? Nikajifunga kanga kiunoni, nikafungua geti, nikatoka nacheza.

Nilicheza, jamani. Nilishuka chini, nikazungusha, nikapanda nayo hadi kwa mpiga ngoma, nikamchezea puani. Jovitha nyuma yangu na majirani nyuma yake. Wale vijana wakaanza kutazamana. Mmoja akaacha kupuliza. Tangu ashike tarumbeta hajaona mtu anayesutwa akawapokea kwa kiuno.

Wakafunguka katikati. Wakatokea kina mama wa kanga za sare, na mbele yao Zulekha.

Zulekha wa Gerezani. Ukitaka mtu wako aumbuke mjini hapa, huendi polisi, unamwita Zulekha. Ana sauti ya king'ora na haogopi mtu.

Hakuwa ameambiwa jina langu. Aliambiwa muuza madera, nyumba ya geti la kijani. Wauza madera Kariakoo ni wengi kuliko kunguru. Aliponiona, akasimama kabla ya neno la kwanza la wimbo.

Maana mimi na Zulekha tuna letu.

Zulekha naye aliwahi kuacha dawa. Aliambiwa na mganga mmoja kwamba hizo ndizo zinazomkondesha. Nilikwenda kwake na madera kila wiki, akinifukuza narudi, akinimwagia maji narudi nimevaa lingine. Siku aliyoshindwa kusimama nilimbeba mgongoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kutia pamba kwenye kopo la dawa lisilie akiwa safarini. Leo ana afya ya kunijia na ngoma.

Tukatazamana. Mimi najua lake. Yeye anajua langu, na zaidi ya hapo anajua kazi yangu. Akisikia Mboni anamfuatafuata mwanamume wa watu, yeye peke yake katika umati ule hahitaji kuelezwa sababu.

Nikadhani atageuza msafara. Mtu niliyembeba mgongoni.

Akajaza kifua, akaimba kwa sauti ambayo hata Msimbazi walisikia:

*Umepima mapazia, umepima na mwenye duka,*
*Geti lako la kijani, leo ndilo lakuumbua.*
*Begani una madera, moyoni una hila,*
*Mume wa mwenzio dada, si shuka la kulalia.*

Alikuwa anaimba kwa woga, nilimwona. Alitaka watu wote waone hanijui. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyopaza.

Vigelegele nyuma yangu vikafa kimoja kimoja. Cha Jovitha kilikuwa cha mwisho, maana yeye huchelewa kuelewa.

"Mboni," akaninong'oneza, "hawa si wa Hafidhi."

"Nimeona, Jovitha."

Zulekha akanisogelea akijifanya anacheza, mdomo ukanifika sikioni. "Ukinitaja mimi, nakumaliza."

"Kupuliza hamjui," nikamwambia. "Bomba lenu linavuja upepo."

Ndipo kina mama wakampisha mwenye shughuli.

*

Jacqueline alikuja kwa mwendo wa kanisani. Gauni la kitenge, nywele zimefungwa vizuri, tumbo limeshaanza kusema. Mkononi simu. Watu wangu wote walikuwa wametoka sasa. Baba mdogo, wazee wa Hafidhi, shangazi yake mbele kabisa, amejitafutia nafasi nzuri ya kuonea.

"Wewe ndiye Mboni?"

"Ndiye."

"Unauza madera."

"La mjamzito ninalo, ukitaka."

Kina mama wa sare wakaguna. Sijui kwa nini nilisema vile. Mtu akinijia na tarumbeta mdomo wangu unatangulia.

Jacqueline hakutikisika. "Kwetu hatusuti mtu," akasema. "Kwetu linaitwa kikao cha ukoo, watu wanakaa, wanaulizana. Lakini nimeambiwa nyinyi wa huku hamsikii mpaka mpulizwe masikioni."

"Umeambiwa na nani?"

"Na walioniletea hii."

Akanigeuzia simu. Pantoni la Magogoni, maji nyuma, mimi nimejitanda mtandio sura ikiwa upande, na Heriel.

"Huu mkono wa nani?"

"Wangu."

"Na huu?"

"Wa mumeo."

"Unafanya nini ndani ya wa kwako?"

Nyuma yangu nikasikia shangazi yake Hafidhi akisema taratibu, "Nilisema mimi. Visigino."

"Ni mteja wangu," nikasema.

"Mteja wa madera. Heriel."

"Ana dada zake."

"Dada zake wako Machame, na hakuna anayevaa dera." Akaivuta picha kwa vidole, ikakua, ukabaki uso wa Heriel peke yake. "Muuza madera, tazama vizuri. Huyu mwanamume analia. Mama yake amezikwa, hakulia. Ghala lake limeungua, hakulia. Mimi niko naye ndani sijayaona hayo machozi. Kwako wewe analia nini?"

Hapo, ndugu wasomaji, niwaeleze kitu.

Kusutana si vurugu, kuna utaratibu wake. Matarumbeta yananyamaza, kiongozi anauliza mara tatu. Anayesutwa ana haki moja, kujibu. Ukikaa kimya hadi ya tatu, kimya ndicho jibu lako, na tangu hapo ngoma itakufuata mpaka sokoni.

Zulekha akanyanyua mkono. Wakanyamaza.

"Mboni binti mtembezi. Mume wa mwenzio unaye, huna?"

Neno moja lingenitoa pale. Kliniki. Lilikuwa kwenye ulimi.

Nanyi mlioniandikia kwamba ningesema, jiwekeni basi getini kwetu. Hata langu mwenyewe nisingeweza kulisema. Nikisema ninaishi na virusi na kazi yangu ni kuwafuata walioacha dawa, nani pale angeshindwa kumalizia? Jacqueline angelipata la mumewe kwenye ngoma, simu za watu zikimrekodi, na mtoto tumboni.

Na Heriel je? Nimeshawaona wanaume walioumbuliwa hivyo. Harudi kliniki mtu yule. Anapanda basi la alfajiri, simu inazimwa, na siku utakayolisikia tena jina lake ni kwenye kundi la rambirambi.

Jumatatu ilikuwa keshokutwa tu.

"Nauliza mara ya pili. Unaye, huna?"

Nikamtazama Zulekha. Akatazama pembeni.

Nikamtazama baba mdogo Uwesu. Alikuwa ameshika sinia la posa alilokabidhiwa na wazee wa Hafidhi, kwa mikono miwili, amesahau kuliweka chini. Kitambaa cheupe kilikuwa bado hakijafunuliwa.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Unaye..."

"Ninaye," nikasema. "Ni bwana wangu."

*

Shangazi yake Hafidhi alikuwa wa kwanza kusogea. Akamfuata baba mdogo, akalichukua sinia mikononi mwake kama mtu anayeondoa vyombo.

"Tulikuja kuposa mke," akasema, "tumemkuta ana mume. Tena wa kuazima. Pilau lenu kuleni wenyewe."

"Shangazi," nikaita.

"Nani shangazi yako?"

Wazee wakavaa makubadhi. Mmoja, mwema wa watu, akanipa pole kwa macho. Wakaupita umati, sinia mbele, kitambaa kikipepea.

Baba mdogo Uwesu alibaki na mikono hewani. Kisha akaishusha. "Marehemu kaka yangu aliniachia wewe," akasema. "Nimekulea kwa kubeba samaki mgongoni pale soko la Kivukoni. Leo nimesimama nimevaa kanzu nasikia hivi."

"Baba mdogo, nitakueleza."

"Usinieleze. Umeeleza kwa matarumbeta." Akaingia ndani kuchukua kofia yake.

Nilikuwa sijalia. Nawaambia hilo kwa kuwa Jovitha anapita akisema nililia.

Zulekha alipumua pumzi niliyoiona hadi mabegani. Kazi imekwisha, na siri yake imebaki palepale ilipokuwa. Akawapungia vijana mkono. Wakaweka mabomba midomoni wapulize ule wa ushindi, wa kuondokea.

"Bado," akasema Jacqueline.

Wakashusha.

Akanisogelea. Nilitegemea kofi. Nilikuwa nimeshakaza shavu.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Mnatumia kinga?"

Kina mama wa sare wakacheka, wengine wakaziba midomo. Mke wa mwanakwaya, katikati ya kichochoro, anauliza kinga.

"Nimeuliza," akasema, hakupandisha sauti hata kidogo. "Nyinyi chekeni. Mimi nimekwenda kliniki ya wajawazito peke yangu. Naambiwa njoo na mwenza wako. Namwambia mume wangu, ana kontena bandarini. Mara ya pili, ana mgeni kutoka Tunduma. Mara ya tatu, kichwa kinamuuma. Mimi nimepimwa, niko salama. Wakaniambia nitarudia kupima, na safari hiyo nije naye. Nikawa najiuliza huyu mtu anaogopa nini. Leo nimekijua anachoogopa. Ana wewe."

Alikuwa amekaribia ukweli, ila ameshika kitasa cha mlango mwingine.

"Basi tunakwenda kupima," akasema. "Leo. Mimi, yeye, na wewe."

"Wapi?"

"Pale nyuma ya soko. Jumamosi wanapima hadi jioni, nimeulizia kabla ya kuja."

Nyuma ya soko ni kliniki yetu. Ni pale pale. Ningeingia mlangoni na Sista Scholastika angesema, "Mboni, leo umetuletea nani?" Na katika umati ule kulikuwa na mtu mwingine aliyeujua mlango huo. Zulekha aligeuka rangi.

"Mama," akamwambia Jacqueline, "sisi tumeitwa kusuta. Kupima hakukuwemo."

"Sijawaambia mpime."

"Nasema tu kwamba mwizi ameshakiri. Ukimburura hospitali unaharibu utamu wa shughuli."

"Utamu," akasema Jacqueline. Kisha akageuka kwangu, akaweka kiganja juu ya tumbo. "Sikiliza, muuza madera. Sikuja kukunyang'anya mume. Ukimtaka utamchukua, na kabati lake nitakuletea. Nimekuja kwa ajili ya huyu. Huyu hajashika mkono wa mtu kwenye pantoni. Utakwenda kupima kwa miguu yako au utakwenda kwa matarumbeta, chagua."

Nitasema ukweli. Hadi pale nilikuwa namchukia. Alinivunjia posa, akaniletea Zulekha mlangoni, akamvunjia baba mdogo heshima. Lakini alikuwa anauliza swali ambalo mimi nimemkimbiza mumewe Kariakoo nzima ili alijibu.

"Mpigie mumeo," nikasema. "Mwache yeye achague."

Nilifikiri Heriel atakana. Mwanamume akiambiwa mchepuko wako umekiri, hukana, ndiyo tabia yao. Angekana, wangegombana, Jumapili ingepita, Jumatatu ingefika. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu.

Jacqueline akapiga. Akaweka sauti ya nje.

"Jacky, nina wateja." Nyuma yake tukasikia utepe wa gundi wa kufungia maboksi ukivutwa, mtu akibishania rangi.

"Niko kwa Mboni."

Gundi ikaendelea kuvutwa.

"Umesikia? Niko mlangoni kwa Mboni. Amekiri. Mbele ya watu wote hawa, kwa mdomo wake."

Mnaona alichosahau kukisema? Hakusema nimekiri nini.

"Amekuambia," akasema Heriel.

Sauti ile haikuwa ya mtu anayekana. Ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo na mzigo umemwangukia mguuni.

"Mboni upo hapo? Uliniapia. Nilikuomba Jumatatu, Mboni, nilikuomba Jumatatu tu. Jacky, nisikilize, nilitaka nikuambie mwenyewe, nilikuwa naogopa, naogopa kwa ajili ya mtoto, nilipoacha zile..."

Zulekha alimpiga kijana wa bomba kubwa konzi la mgongoni. "Puliza."

Wakapuliza. Mabomba yote, ngoma, kila kitu, kwa fujo, bila wimbo. Neno la Heriel likamezwa. Sijui Zulekha aliniokoa mimi, au Heriel, au alijiokoa mwenyewe. Alikuwa anapiga makofi macho yamemtoka, na jasho linamchirizika hadi kwenye sare.

Jacqueline hakupiga kelele. Alikwenda hadi kwa yule wa bomba kubwa, akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja chake. Kijana akaona aibu, akaacha. Mwingine akaacha. Ngoma ikaacha.

"Kwa nini umewaambia wapulize?" akamuuliza Zulekha.

Mwanamke asiyeogopa mtu akatazama vidole vyake vya miguu.

Jacqueline akarudi kwangu. Simu ilikuwa bado imewaka mkononi.

"Wewe umekiri mchepuko," akasema, polepole, kama mtu anayekunjua jora kutafuta palipochanika. "Yeye hajakiri mchepuko. Yeye anasema ameacha. Ameacha zile. Mwanamume mwenye mchepuko anaogopa mke. Huyu anaogopa kwa ajili ya mtoto."

Nikaikaza kanga kiunoni.

"Umenidanganya. Mbele ya waliokuja kukuposa umenidanganya. Mtu hafanyi hivyo bure." Akasogea hadi nikasikia harufu ya poda ya watoto, ile ya kujipaka mama mjamzito shingoni. "Zulekha kakuuliza mara tatu. Mimi nakuuliza mara ya nne. Jumatatu kuna nini?"

Simu ikakohoa. Tukasikia duka limenyamaza kule, hakuna gundi, hakuna mteja.

"Mboni," akasema Heriel, kwa sauti ndogo kabisa. "Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Nikatazama huku na huku. Baba mdogo alikuwa amerudi mlangoni na kofia yake mkononi. Jovitha juu ya ndoo apate kuona. Kichochoro chote, madirisha yote, hadi wauza mitumba wa barabarani walikuwa wameingia. Nyumba ilikuwa imejaa watu kama ninavyopenda siku zote, na kila aliyekuwa na simu alikuwa ameinyanyua. Nilichomjibu, gazeti la wiki ijayo msilifungie maandazi.